Mnyama wa Baharini na Majembe ya Mama

Alionekana kwa muda wa kumeza tonge moja, kisha akapita. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki katika mgahawa wa binti yangu Editha, hapa Nyakanazi, na televisheni ya ukutani ilikuwa inaonyesha picha ya kuangaliwa na familia nzima, ile aina ambayo wahusika wa hadithi mbalimbali, wasiojuana kabisa, wanakusanywa mahali pamoja. Kulikuwa na harusi ya wanasesere na wanyama wanaosema. Katikati ya karamu ardhi ikatikisika, vikombe vikaruka mezani, na nyuma ya milima kikainuka kichwa ninachokijua. Mjusi aliyesimama wima, mrefu kupita majengo, mgongoni ameota miba mipana kama majani ya mkonge. Akainama, akapuliza moto kidogo sana, kwa uangalifu, akawasha mishumaa ya keki, akapunga mkono, akaenda zake.

Picha yenyewe ilikuwa ya kutafsiriwa, na kijana aliyeitia Kiswahili alikuwa mcheshi. Akasema, "Mzee wa baharini naye kapelekewa kadi." Madereva wa malori waliokuwa wanakula wali wakacheka. Mjukuu wangu Neema alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mimi nilijikuta nafuta macho kwa mkono wa shati.

"Babu, unalia nini?" akaniuliza. "Huyo hali watu."

Nikamwambia najua. Nilichelewa kujua, lakini najua. Na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na hakuna aliyekuwa na haraka, nikaanza kumsimulia, huku mama yake akimenya ndizi karibu nasi. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyomsimulia, pamoja na mengine machache ambayo mtoto hakuhitaji kuyasikia.

Nyumba yetu ilikuwa Mabawe, ndani ya migomba, na baba hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, kama walivyokwenda wanaume wengi wa rika lake. Kabla hajaondoka alinieleza habari za huko kana kwamba amesharudi. Kuna maji, alisema, ambayo ukisimama ukingoni huoni ng'ambo. Mimi maji niliyoyajua ni ya mto Ruvubu, na ng'ambo ya Ruvubu unaona hata mbuzi wa watu. Kuna gari-moshi, alisema, na nguzo zenye nyaya, na meli kubwa kuliko kanisa. Kuhusu mkonge hakuwa na haja ya kueleza, maana mche mmoja ulikuwa kwenye kona ya uwanja wa shule, na kila mtoto alikuwa amechomwa na ncha ya jani lake. Baada ya yeye kuondoka nilikuwa napita pale na kuuangalia ule mche kwa heshima, kwa sababu huko aliko baba alikuwa akishindana nao kila siku.

Nyumbani tulisema Kihangaza. Naomba msomaji alikumbuke hili, kwa sababu ndilo lililoniponza. Hadithi za mazimwi tulisimuliwa na bibi, mama yake baba, kando ya moto, kwa Kihangaza. Zimwi lilimeza watu kwa Kihangaza na likapasuliwa tumbo kwa Kihangaza, na asubuhi hakuna aliyekuwa amemezwa. Kiswahili kilikuwa kitu kingine. Kilikuwa cha shule, cha ofisi, cha mganga wa zahanati na cha bwana shamba. Kila nililowahi kuambiwa kwa Kiswahili lilikuwa kweli: mbili na mbili, tarehe ya kulipa kodi, dawa ya minyoo. Kwa akili yangu, katika Kiswahili hapakuwa na zimwi hata moja.

Gari la sinema lilikuja kiangazi kilipokuwa kinaisha, wakati watu wanatazama mawingu. Walitandika shuka jeupe kati ya nguzo mbili kwenye uwanja wa shule, na giza lilipoingia kijiji kizima kilikuwa kimekaa chini, isipokuwa mama na bibi, ambao walibaki nyumbani kuchambua mbegu za maharage. Picha ya kwanza ilionyesha namna ya kupogoa mibuni. Ya pili ilionyesha ng'ombe wakiogeshwa kwenye josho, na mzee mmoja akasimama akaapa kwamba yule dume mwenye pembe iliyopinda alikuwa wake, aliyemuuza mnadani Biharamulo. Watu wakamwambia akae. Lakini mimi niliamini, na hata leo sioni kwa nini aseme uongo. Kando ya gari alisimama mwanamume mwenye kipaza sauti, akieleza kila kinachoonekana. Sauti yake ilikuwa shwari, ya mtu wa serikali.

Halafu watu wakaomba nyingine. Yule mwanamume akasemezana na dereva, wakaweka picha ambayo nadhani haikuletwa kwa ajili yetu. Nikaona maji yasiyo na ng'ambo. Nikaona meli. Nikaona nguzo zenye nyaya, na gari-moshi linakata mji. Mwili ulinisisimka kwa furaha. Nilikuwa naona alikokwenda baba. Kisha maji yakavimba, na akatoka. Alitoka kichwa kwanza, halafu mgongo, na mgongoni pake nikayaona majani ya mkonge yamejipanga kutoka kisogoni hadi mkiani. Mwenye kipaza sauti akaeleza kwa sauti ile ile ya mibuni: "Hapa ni mji wa pwani. Mnyama huyu ametoka baharini. Watu wanakimbia. Sasa anakanyaga reli."

Alikanyaga reli. Akang'oa nguzo. Wanaume waliovaa kaptula, wadogo kama siafu, walikuwa wanakimbia na mizigo yao kichwani, na nilimtafuta baba miongoni mwao. Mguu ukashuka juu ya nyumba ndefu ya vibarua. Hapo jenereta ikakohoa ikazima, shuka likawa shuka tu, na yule mwanamume akatutakia usiku mwema. Mnyama alikuwa bado anatembea.

Kilichonitisha zaidi ni watu wazima. Walirudi nyumbani wakicheka, wakiigana, mmoja akitembea kwa kutanua miguu na kunguruma. Nikawaza sana juu ya kicheko kile, na nikapata jibu ambalo mtoto wa kwetu yeyote angelipata. Kwetu mtu akifia mbali, mkewe haambiwi hapo hapo. Wanaojua hunyamaza, huchangamka hata kupita kiasi, huku wakisubiri wakubwa wa ukoo wakusanyike, waje pamoja, wakae, ndipo mmoja aliyechaguliwa aseme. Mtoto hapeleki habari ya kifo. Kwa hiyo nilielewa: wanajua, wananyamaza, nami ninyamaze. Nikaingia ndani, mama akaniuliza nimeona nini, nikamwambia ng'ombe.

Kesho yake asubuhi jirani yetu, Mama Skolastika, akaja na kibuyu cha pombe ya ndizi, akakaa. Nyuma yake akaja shemeji yake mama. Nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, mgongo ukutani, nikisubiri kilio. Nilisikia wanazungumza habari za mbegu. Wakanywa, wakaaga, wakaondoka. Niliwaza kwamba wameshindwa kusema, na kwamba pengine watarudi na mwingine mwenye moyo zaidi.

Usiku mvua ya kwanza ikanyesha, na alfajiri mama akachukua jembe.

Hapa ndipo palipokuwa na hatari, na ilikuwa inanitegemea mimi. Mahali penye msiba hapalimwi. Ukilima kabla matanga hayajaisha, mvua ya mawe hushuka, na haichagui shamba lako; hupiga migomba ya kijiji kizima, na watu hujua imeletwa na nani. Mama hakujua kwamba ana msiba. Wanaojua hawakumzuia. Mimi sikuruhusiwa kusema. Nilimwona anakwenda shambani na jembe begani, akiimba kidogo, na nilitazama mbingu mpaka shingo ikauma. Siku hiyo jua liliwaka. Nikaona tumesamehewa mara moja, hatutasamehewa tena. Jioni nikayachukua majembe yetu yote, la mama, la bibi na langu fupi, nikayafukia ndani ya migomba chini ya majani makavu, mahali ambapo shina lilikuwa limekatwa.

Sitaki kujifanya kwamba lilikuwa jambo dogo. Maharage ya kwetu hupandwa mvua ya kwanza ikiwa bado ndani ya udongo. Ukichelewa unavuna majani. Baba hayupo, chakula chetu cha miezi mingi kilikuwa kwenye ile mbegu iliyochambuliwa. Mama alitafuta hadi kwenye paa. Kisha akaenda kuazima kwa Mama Skolastika, akalima nusu siku, akalisimamisha jembe mlangoni, nami nikalifukia pamoja na ndugu zake.

Asubuhi wanawake wale wawili, ambao walikuwa wanapeana moto na chumvi, walisimama njiani kila mmoja amejishika kiuno. Mama Skolastika alitaka kujua kama jembe lake limeota miguu lilipofika kwetu. Mama akajibu kwamba huenda limefuata yale matatu yaliyotangulia, na kwamba mwenye watoto wengi awahesabu mikono. Mama Skolastika alikuwa na wana watano. Alilia pale pale njiani, na mimi nilikuwa nimesimama karibu vya kutosha kuona machozi yakidondoka kwenye vumbi. Bado sikusema. Nilikuwa nawaokoa wote, pamoja na hao watano.

Aliyenigundua ni bibi. Hakunitafuta wala kunipiga. Aliniita nimshikie uzi wakati anashona kikapu, kisha akasema bila kuinua macho, "Aliyeficha majembe ameona msiba hapa. Nani amekufa?"

Nikamwambia, "Baba. Amekanyagwa."

Nilimweleza yote, maji, reli, nyumba ya vibarua, mgongo wa mkonge. Bibi hakuwahi kuona sinema. Niliposema kwamba kijiji kizima kimeona, na kwamba mtu wa serikali alieleza kwa kipaza sauti, sindano yake ilisimama. Alikuwa mwanawe, huyo tuliyekuwa tunamzungumzia. Akaweka kikapu chini, akamwita mama ndani, akaniambia nirudie. Mama alianza kucheka, akaona uso wa mama mkwe wake, akaacha. Nilitegemea watanitoa hofu. Badala yake nilikuwa nimewagawia.

Mama angeweza kwenda kumuuliza Mama Skolastika, aliyekuwepo uwanjani, lakini hawakuwa wakisemezana tena, kwa sababu yangu. Bibi alikuwa amesikia sokoni kwamba Murusagamba amerudi mtu wa mkonge, anaitwa Gervasi, aliyekuwa kambi moja na baba. Basi kulipokucha mama akanichukua tukashika njia, tukipita mabonde yaliyoanza kuota majani, kando yetu watu wanapanda maharage. Wote waliotusalimia walitushangaa, mwanamke na mtoto wanatembea mikono mitupu siku kama ile. Nilisikia tu harufu ya udongo uliogeuzwa, wa mashamba ya wengine. Hadi leo harufu ile hunitia hofu kwanza, ndipo hunifurahisha.

Tulimkuta Gervasi uani anaziba pancha ya baiskeli. Nikampigia magoti kumsalimia. Tukapewa mkeka, tukapewa uji. Nilidhani mama atauliza papo hapo, lakini mtu haulizi hivyo. Walizungumza habari za mvua, za ng'ombe wake Gervasi aliyezaa, za barabara. Mikono ya mama ilikuwa imeshikana mapajani kwa nguvu. Mwishowe akasema, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, "Na wa kwetu?"

Gervasi akacheka kabla ya kujibu, na nadhani kicheko hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyosikia katika maisha yangu.

"Wa kwenu mzima," akasema. "Amenenepa. Amebaki na shati langu la Jumapili, anasema mimi halinikai."

Mama akainama kuokota kitu ambacho hakikuwa kimeanguka. Mimi sikuridhika. Nilitaka kujua wamemfanyaje mnyama.

"Mnyama gani?"

"Aliyetoka baharini."

"Bahari!" Gervasi akamgeukia mama. "Huyu mtoto nani kamwambia habari za bahari? Sisi kule ni mkonge mbele, mkonge nyuma. Bahari haipo karibu. Tuliipita siku moja tukiwa ndani ya gari-moshi, na baba yako alikuwa amelala. Tulimwamsha, akatutukana, akageukia upande wa pili."

Kisha nikamweleza nilichoona, naye akaelewa, kwa sababu huko kambini walikuwa wanaonyeshwa sinema. Aliniambia kwamba ndani ya yule mnyama kuna mtu. Mtu mzima, amevaa ngozi, anatembea juu ya vijumba vya kuchezea, na jua likizidi anaivua ngozi anapepewa. Sikumwamini mara moja. Nilimwuliza kama mtu huyo hajisikii vibaya. Akafikiri kidogo, akasema pengine joto tu.

Wakati wa kurudi mama alitembea mbele mpaka tulipopanda kilima cha mwisho. Hapo akakaa kwenye nyasi, akacheka, akacheka mpaka kitenge kikamfunguka, akilirudia jambo moja tu, kwamba alikuwa amelala. Baba aliyetueleza mawimbi, na chumvi, na meli kubwa kuliko kanisa, alikuwa amelala. Alipomaliza akajifuta, akanitazama kwa macho makavu.

"Majembe yako wapi?"

Tulipanda maharage tukiwa tumechelewa, mimi kwenye sehemu ya baba, na mvua ilituonea huruma ikaendelea. Hatukuvuna kama wengine, lakini tulivuna. Jembe la Mama Skolastika nililirudisha mwenyewe, na kikapu cha mbegu juu yake. Mama aliniambia niseme yote, nikasema yote, nikiangalia vidole vyangu vya miguu. Mama Skolastika akalipokea jembe, akaligeuza, akaliambia kwa sauti, ili mama aliyesimama nyuma ya ua asikie, kwamba pole, limetembea sana, lipumzike. Jioni ile walikuwa wanapeana moto tena.

Baba alirudi baada ya misimu kadhaa, na shati la Gervasi mwilini. Bibi alimsimulia. Baba alisikiliza kwa makini, akauliza swali moja tu, yule mnyama alikuwa na ukubwa gani. Kuhusu bahari hakuna aliyemwambia tunachokijua. Aliendelea kutusimulia mawimbi yake hadi uzee, nasi tukamsikiliza, na mama aliinuka kila mara kwenda kutazama chungu.

Haya ndiyo niliyomsimulia Neema. Yafuatayo sikumwambia, ingawa mama yake aliyajua, kwa kuwa yalimpata yeye.

Nilipomaliza sekondari nilipata kazi kiwandani Mwanza. Nilikuwa nimeoa, nimemwacha mke wangu Mabawe na Editha bado ananyonya. Mwaka wa kwanza nilikuwa natuma salamu na sabuni. Baadaye nilipungukiwa, nikaona aibu kutuma salamu tupu, aibu ikazaa ukimya, na ukimya ukawa mazoea. Sikuwa mgonjwa wala mfungwa. Nilikuwa natembea barabarani, nacheka na watu, na nyumbani hakuna aliyejua kama niko hai. Mimi, niliyewahi kusimama nyuma ya nyumba nikisubiri kilio, nilimsimamisha mtoto wangu nyuma ya nyumba hiyo hiyo. Niliporudi Editha alikuwa msichana wa kwenda shule, akanisalimia shikamoo kama anavyosalimiwa mgeni. Hatukuwahi kulizungumza. Mke wangu sasa ni marehemu, na sikumwuliza yeye pia.

Mvua ilikuwa imepungua. Madereva walikuwa wanalipa na kuondoka, na Neema alikuwa amerudi kwenye televisheni yake. Editha alikuwa amekwisha kumenya, ndizi ziko kwenye maji, kisu bado mkononi. Nikaona kwamba kama siulizi leo, basi.

"Miaka ile nilipokuwa Mwanza," nikamwambia, "mlidhani nimekufa?"

Alikwenda jikoni, nikasikia mfuniko wa sufuria, nikawa nimeshakubali kwamba hilo ndilo jibu, na kwamba ninalistahili. Akarudi na sahani ya ndizi na maharage, akaiweka mbele yangu, akapangusa ukingo wake kwa kidole gumba kama alivyokuwa akifanya mama yake.

"Watu walimshauri mama aweke matanga," akasema. "Walikuja, wakakaa. Mama akawapa uji, wakanywa. Walipoondoka akachukua jembe lake, akanipa na mimi langu."

Akavuta kiti akakaa, jambo ambalo halifanyi wakati wa kazi.

"Tulilima, baba. Kila msimu tulilima. Kula, chakula kinapoa."